Kiti cha Gari la Mizigo

Hivi mtu anakwambia anakupenda miaka miwili mfululizo, halafu anakwenda kukuandikisha kwenye gari la mizigo pamoja na mabegi, tena hakwambii. Huyo utamwita nani? Mchumba? Mimi siku ile nilimwita majina mengine kabisa, na nilimwita kwa Kirundi, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi.

Ngoja nieleze vizuri, nisije nikaonekana mimi ndiye mkorofi.

Ilikuwa Jumamosi ya utambulisho wetu. Watu wa Cubaka, huyo mchumba wangu, walitoka Louisville alfajiri, sisi tukatoka Buffalo, wote tukiwa hapa hapa Marekani, tukakutana Westerville, kaskazini mwa Columbus, nyumbani kwa shangazi yake. Wazee walichagua pale kwa sababu ni katikati, upande wowote usije ukasema umesumbuliwa. Na pia kwa sababu shangazi mwenyewe, Mama Esperance, ndiye aliyemlea Cubaka. Mama yake mzazi alifariki Bukavu wakati wa kumzaa mdogo wake. Kwa hiyo neno la Mama Esperance kwa Cubaka ni neno la mama.

Mimi nilikuwa nimefichwa chumbani, nimevaa imvutano ya mama yangu, lile vazi letu la Kirundi la sherehe, ya rangi ya dhahabu, nasubiri kuitwa sebuleni. Kwetu binti anaulizwa maswali mawili mbele ya wazee: unamjua huyu kijana? Unamkubali? Anajibu huku ameangalia chini, vigelegele vinapigwa, chakula kinaliwa. Nilishafanya mazoezi ya kuangalia chini mbele ya kioo, nikaona naweza.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Esperance na kopo la mafuta ya kupaka. Akanipaka mikononi, taratibu, kama mtoto.

"Umependeza kabisa, mwana yangu," akasema. "Lakini niulize kitu. Nimeona baba yako anashusha velo mu gari. Ile njo ya nini?"

"Ni baiskeli yangu, tantine. Kesho asubuhi mimi na Cubaka tunafanya mazoezi. Safari ya Ufaransa imebaki wiki nane tu."

"Mazoezi tena?" Akacheka, akafunga kopo. "Ile mambo si ilishaisha? Cubaka alishaandikia bale bazungu ba ile safari. Yeye atapanda velo, wewe utakaa mu kamionete ya mizigo. Donc utakaa muzuri, bila jua, bila vumbi. Utamungojea kila magaribi ku hoteli, unanukia."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia usoni, nikaona hakuna utani.

"Nani kasema, tantine?"

"Yeye mwenyewe. Alinionyesha ku telefone." Akanipapasa shavu. "Haiko mubaya, mwana. Mwanamuke wa kuolewa hawezi kupigisha tumbo yake ku kiti ya velo siku munane. Utazaa na nini?"

Akatoka, akaniacha na mikono inayong'aa mafuta.

Sasa msomaji, nisikilize. Safari ile haikuwa wazo la Cubaka peke yake. Tuliipanga wawili, kwa simu, yeye Louisville mimi Buffalo, tangu tulipokutana kwenye harusi ya watu hapo hapo Columbus. Fungate yetu ingekuwa siku nane kwa baiskeli kando ya mfereji wa Nivernais, kutoka Auxerre hadi Decize, mashambani kabisa, kijiji kwa kijiji, na mabegi yangebebwa na gari la kampuni ya huko. Njia ile naijua kama ninavyoijua njia ya kazini. Najua siku ya kwanza upande mmoja ni mfereji na upande wa pili ni mto Yonne. Najua pale Mailly-le-Château kuna mwinuko wa kukata pumzi. Najua siku ya tatu tunaacha mfereji, tunakwenda kupanda kilima cha Vézelay, na kwamba vijijini duka la mkate Jumatatu linafungwa, kwa hiyo mkate wa Jumatatu unanunuliwa Jumapili. Nilijua mpaka mahali ambapo mfereji unapita chini ya mlima na baiskeli zinapita juu, msituni. Vyote hivyo nilivijua mimi, abiria wa gari la mizigo!

Nikaitwa.

Sebule ilikuwa imejaa. Cubaka amekaa katikati ya watu wake, suti ya bluu, viatu vinametameta. Aliponiona macho yake yakalegea vile ambavyo siku zote hunimaliza nguvu. Siku hiyo hayakunimaliza kitu. Mzee Minani, msemaji wetu, akasimama akasafisha koo.

"Binti yetu Delfina, wageni hawa wametoka mbali. Wanasema humu ndani kuna mtu anakufahamu. Je, unamjua huyu kijana?"

Sikuangalia chini.

"Kabla sijajibu, mzee, nina swali."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni madoido ya bibi harusi. Baba yangu, Gaudiosi, hakucheka. Baba ananijua.

"Cubaka," nikasema, "safari ya Ufaransa mimi nakaa wapi?"

Akamwangalia shangazi yake. Hapo hapo nikapata jibu langu, lakini nikataka nilisikie.

"Jibu. Nakaa kwenye baiskeli, au nakaa na mabegi?"

"Delfi, tutaongea baadaye, tafadhali..."

"Nakaa wapi?"

"Mu gari," akasema, sauti kama ya mtu aliyekabwa na mfupa.

"Basi huyu kijana simjui," nikamwambia Mzee Minani, na nikatoka nje.

Mungu anisamehe, nyuma yangu niliwaacha wazee kumi na mbili na sahani za sambusa magotini. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nikaikunja imvutano, nikaifunga kiunoni mafundo mawili. Chini yake nilikuwa nimevaa taiti, maana Westerville mwezi wa nne bado kuna baridi. Nikapanda, nikaondoka. Nilimsikia Mama Esperance anaita, "Weee! Bibi arusi anakimbia na velo!" na majirani wakachungulia.

Nyuma ya mtaa ule kuna njia ya baiskeli ambayo zamani ilikuwa reli. Niliikanyaga kwa hasira, namtukana kwa Kirundi, mpaka machozi yakaanza kunirudi masikioni. Na kilichoniudhi kupita vyote ni kwamba nilikuwa bado nampenda. Ningekuwa simpendi ningecheka, nikala pilau yao, nikarudi zangu Buffalo.

Nilikwenda kama kilomita moja na nusu, imvutano ikafunguka fundo ikaingia kwenye mnyororo. Nikashuka, nikaanza kuurudisha mnyororo nyuma kwa mkono ili kitambaa kitoke. Mikono iliyopakwa mafuta mazuri sasa ikawa na grisi mpaka kwenye viwiko. Ndipo nikasikia viatu vinakuja mbio.

Alikuja kwa miguu. Baiskeli yake ilikuwa juu ya gari la kaka yake Marcellin, na Marcellin alikuwa ameenda kuleta soda. Tai imezunguka mpaka mgongoni, jasho linamtoka.

"Delfi! Subiri! Nikusaidie..."

"Usiguse baiskeli yangu."

Akasimama, mikono hewani.

"Lini?" nikamuuliza.

"Lini nini?"

"Uliniandikisha lini kwenye hilo gari?"

"Mwezi ya pili."

Mwezi wa pili! Nikainuka. "Mwezi wa pili mimi nilikuwa naendesha kwenye theluji, Cubaka! Natoka West Side naenda kiwandani Tonawanda na theluji inanipiga usoni, ili miguu izoee! Nakutumia picha, na wewe unanijibu kwa mioyo! Mioyo mitatu mitatu! Ulikuwa unanitumia mioyo na jina langu umeshalipeleka kwenye mabegi?"

"Nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia wapi? Auxerre? Mfaransa ameshika funguo za gari, wewe unavaa kofia, ndipo uniambie?"

Akafuta jasho usoni.

"Ndivyo ulivyopanga?"

"Nilifikiri tukifika kule, bon... utaona njia ni ndefu, utachoka, utakubali mwenyewe."

"Nitachoka! Mimi kila Jumapili baada ya ibada nashika njia ya mfereji wa kwetu mpaka Lockport na kurudi. Wewe mwaka jana hapa hapa Columbus nani alilala kwenye majani analia misuli? Nani alikukanda mguu?"

"Ni wewe," akasema polepole.

"Nani?"

"Ni wewe, Delfi."

Kitambaa kikatoka kwenye mnyororo, kimechanika urefu wa kiganja. Nikakishika nikakitazama. Nguo ya mama yangu.

"Unajua nilikua vipi," nikasema. "Kule Kasulu, kambini kwa wakimbizi, baba alikuwa fundi baiskeli. Nikiwa na miaka minane nilikuwa naziba pancha kuliko wavulana. Nilikuwa najaza upepo, nakaza spoku, nalainisha mnyororo. Lakini kukaa kwenye kiti, marufuku. Mtoto wa kike anakaa nyuma, kwenye keria, miguu upande mmoja. Nimetengeneza baiskeli za watu miaka saba nikikaa nyuma! Mpaka nimekuja Buffalo, nina miaka ishirini na tano, wewe ndiye uliyenipandisha. Wewe, Cubaka! Ulikuja kunitembelea, pale nyuma ya kanisa letu, umeshika kiti, unakimbia huku unapiga kelele angalia mbele, angalia mbele. Halafu ukaachia bila kuniambia, nikageuka nikakuona uko mbali unaruka ruka. Nilisema moyoni mwangu, huyu ndiye. Sikukupendea suti wala Kifaransa. Nilikupendea siku ile."

Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti.

"Tantine alilia," akasema. "Nilimwonyesha ile karatasi ya njia, nikifikiri atafurahi. Akalia siku mbili. Mama yangu alikufa mikononi mwake, Delfi, akizaa. Mutoto naye hakubaki. Tangu pale kila kitu inayohusu tumbo ya mwanamuke inamutisha. Aliniambia, ukimupandisha huyu binti juu ya velo na kitu kikamufikia, mimi sitaweza kuona ile mara ya pili. Sikujua namna ya kumukatalia."

"Kwa hiyo ukanikatalia mimi."

Nikaifunga upya imvutano kiunoni, safari hii kwa nguvu.

"Ulitazama huku na huku, ukaona mimi ndiye rahisi. Tantine atalia, Delfina atavumilia. Si ndiyo?"

"Ndiyo," akasema. Angalau hakudanganya. "Ndiyo, njo vile nilifanya. Niliogopa machozi ya mama, na yako sikuyafikiria sababu hayakuwa mbele yangu."

Upepo ulikuwa unapita kwenye miti isiyo na majani bado. Mzee mmoja wa Kimarekani alipita na mbwa wake, akatutazama, mimi na grisi na dhahabu, Cubaka na tai ya mgongoni, akatuamkia kwa heshima akaharakisha. Wakati mwingine tungecheka.

Cubaka akatoa simu. "Nabadilisha sasa hivi. Naandika mbele yako. Naona kuna mahali pa..."

"Rudisha simu mfukoni. Wafaransa hawajanikosea kitu. Ulinikosea mbele ya tantine yako, utanyoosha mbele ya tantine yako."

"Watu wote wako pale."

"Si ndio vizuri?"

Akanyoosha tai. "Twende."

Akaanza kutembea. Nikapanda baiskeli, nikampita, nikasimama mbele yake nikaweka mguu mmoja chini.

"Panda."

"Wapi?"

"Huko nyuma."

Naomba nieleze kuhusu keria yangu. Baiskeli za safari zina keria nyembamba, za kubeba mifuko. Baba alipoiona ya kwangu alisikitika kama ameona mtoto mwenye utapiamlo. Akaitoa. Akanitengenezea nyingine ya chuma, akaichomelea mwenyewe, zile za Kasulu za kubebea gunia la mkaa na mgonjwa juu yake. Cubaka alipoona picha alicheka wiki nzima. Alisema Wafaransa watafikiri tunahama. Nikamwambia baba hajui kutengeneza kitu cha kuvunjika, tena keria ile inakwenda Ufaransa.

Sasa alikuwa anaitazama na hacheki.

"Delfi. Na suti? Mbele ya wazee?"

"Uliniandika nyuma mbele ya watu nisiowajua. Hawa angalau ni ndugu zako. Panda, miguu upande mmoja."

Akapanda. Baiskeli ikashuka kwa nyuma, lakini chuma cha baba hakikusema hata kwi. Akanishika kiuno.

"Shika kiti. Usinishike mimi, bado nimekasirika."

Akashika kiti.

Jamani, Cubaka ni mzito. Yule anabeba maboksi ghalani siku sita kwa wiki, kifua chote kile ni nyama ya kweli. Mita mia za kwanza nilidhani mapafu yatatoka. Lakini nilikuwa nimeshakasirika kiasi cha kutoshuka, na hasira ina nguvu zake. Nilianza kumhesabia vituo. "Hapa ni Vincelles," nikasema huku nahema. "Hapa ni Mailly. Hapa ni Vézelay, na huu ndio mwinuko." Nyuma yangu nilisikia anasema kwa sauti ndogo, "Samahani. Samahani." Kila nikikanyaga alisema tena. Baada ya muda nikagundua anasema kwa kufuata miguu yangu, na kwamba sikutaka anyamaze.

Tulipoingia mtaani wote walikuwa nje kwenye nyasi. Wanawake, wazee, Marcellin na katoni ya soda mikononi. Mama Esperance alishika kichwa.

"Mungu wangu! Mwanaume juu ya keria!"

Nikafunga breki mbele yao. Nikaweka mguu chini kuizuia isianguke. Cubaka alitaka kushuka.

"Kaa," nikamwambia. "Sema hapo hapo."

Akakaa. Akasema akiwa hapo hapo, miguu upande mmoja, viatu vyake vinaning'inia.

"Tantine, nilikosea. Delfina atapanda velo kutoka Auxerre mpaka Decize. Ni yeye alijifunza ile njia kunipita mimi. Kama ile gari lazima ibebe mutu, nitapanda mimi."

"Na tumbo yake?" Mama Esperance akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Cubaka, na tumbo?"

"Tumbo ni yake, mama. Hakuna mutu alimuuliza yeye. Hata mimi sikumuuliza."

Nilimwona yule mama anahangaika na kitu cha miaka mingi, na hapo ndipo hasira yangu kwake iliponiishia. Kwa mpwa wake ilikuwa bado ipo.

"Tantine," nikasema, "mwezi wa tano nitakwenda kwa daktari wangu, na wewe utakuja Buffalo twende pamoja. Umuulize yote unayoogopa. Lakini utaniuliza na mimi."

Alinitazama, akatazama grisi mikononi mwangu, pale pale alipokuwa amenipaka mafuta. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Bon," akasema. "Lakini mutavaa kofia za kichwa. Bote babili."

Baba alikuja akachuchumaa nyuma ya baiskeli, akapitisha kidole kwenye kila kiungo alichochomelea, chini ya makalio ya mkwe wake mtarajiwa.

"Haijapinda," akasema, akasimama. Kwa sura yake ungedhani amekabidhiwa cheti.

Mzee Minani naye ni mtu wa utaratibu. Alisafisha koo, akafunga kifungo cha koti, akasogea kwenye nyasi kana kwamba ile ndiyo sebule.

"Binti yetu Delfina. Tulikuwa hatujamaliza. Je, unamjua huyu kijana?"

"Kule ndani nilikuwa simjui," nikasema. "Sasa namjua."

"Na unamkubali?"

Nikageuka. Cubaka alikuwa bado amekaa pale pale, ameshika kiti kwa mikono miwili, hajathubutu kushuka, ananitazama vile vile kama siku ile nyuma ya kanisa. Wazee wote wakanyoosha shingo. Chozi likanitoka bila kuniomba ruhusa.

"Namkubali, mzee," nikasema. "Sasa mwambieni ashuke, miguu inaniuma."